Mzee anasema ngazi zilikuwa kushoto, mdogo wake anasema kulia, na baa ilishavunjwa: nimwamini nani?

Dada yangu, swali lako nimelisoma lote na nimefurahi umeliuliza mapema, wazee wote wawili wakiwa bado wapo na bado wanabishana. Ngoja nilirudie kwa kifupi ili na wengine wafuate. Kulikuwa na baa kwenye kona ya barabara mbili katikati ya jiji. Mzee wako alifanya kazi kaunta pale enzi za ujana wake, baba yako mdogo alikuwa mteja. Jengo lilishavunjwa siku nyingi, sasa hivi pamesimama ghorofa refu la vioo. Mzee anasema ngazi za kupanda juu zilikuwa kushoto, mdogo wake anasema kulia, na hata jina la baa hawakubaliani, kila mmoja ana lake. Umetafuta picha mtandaoni hujaambulia hata moja. Unauliza umwamini nani, kama mzee ndo kumbukumbu zinaanza kumtoka, na uanzie wapi kabla habari yote haijapotea.

Hilo la umwamini nani nakujibu moja kwa moja: waamini wote wawili mpaka upate sababu ya kumkatalia mmoja. Kwenye hii kazi ya kukusanya habari za majengo yaliyovunjwa nimeona wazee wanaopishana namna hii mara nyingi sana wako sahihi wote, ila mmoja anaongelea mwaka huu na mwingine mwaka ule, au mmoja alikuwa amesimama huku na mwenzake kule. Na kupishana peke yake si ugonjwa. Kama mzee anakuuliza jambo lilelile mara tatu ndani ya saa moja, au anapotea njia aliyoipita maisha yake yote, hapo mpeleke hospitali wakamwangalie, usisubiri. Lakini kubishana na mdogo wake kuhusu ngazi za baa ya zamani, hilo lisikutishe hata kidogo.

Sasa hizo ngazi. Angalia hili kabla ya lingine lolote: mzee alikuwa nyuma ya kaunta. Mtu wa kaunta anatazama mlango, mteja anayeingia anatazama kaunta, kwa hiyo wanatazamana, na kushoto kwa huyu ndo kulia kwa yule. Watu wanaweza kuvutana miaka na miaka kwa kitu kama hiki wakati wote wanaonyesha ngazi zilezile. Kwa hiyo hayo maneno kushoto na kulia yaache kabisa. Chukua karatasi kubwa nyeupe, chora barabara mbili tu zinavyokutana, andika majina yake ya zamani na ya sasa, weka alama ya upande jua linapochomoza, alafu mpe mzee kalamu. Mwambie aweke mlango kwanza. Mlango ukishakaa kaunta inakuja yenyewe, kutoka kaunta ataenda stoo, choo, ngazi, meza moja moja. Usimsaidie. Akikosea akataka karatasi nyingine mpe, ila ile ya kwanza usiitupe, zitunze zote na uandike ipi ilitangulia, manake alichokichora bila kufikiri sana na alichokirekebisha baadae vyote vina kitu cha kukuambia. Baba mdogo naye mfanyie hivohivo, siku nyingine, karatasi nyingine, na asione ya kaka yake.

Hilo la kila mtu peke yake nalisisitiza kuliko yote nitakayoandika hapa, na najua ni gumu, manake kawaida yetu tunawakusanya wazee sebuleni tunasema haya tuambieni, na inapendeza, watu wanacheka, lakini kwa kazi hii unaharibu. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Fiona Gabbert na wenzake walichapisha jaribio moja. Watu walionyeshwa video ya tukio moja wawiliwawili, kila mmoja akiamini mwenzake kaona video ileile, kumbe zilipigwa kutoka pembe tofauti na kila moja ilikuwa na vitu ambavyo nyingine haina. Wengine wakaachwa waongee kidogo kuhusu walichokiona. Baadae walipohojiwa mmojammoja, asilimia 71 ya wale walioongea walitaja angalau kitu kimoja ambacho wao wenyewe hawakukiona kabisa, walikipata kwa mwenzao, na walikitaja kama kumbukumbu yao. Hao ni watu walioongea muda mfupi tu. Wewe una ndugu wawili waliosimuliana hii baa karibu maisha yao yote, kwa hiyo mengi wanayokubaliana leo huwezi kujua yalianzia kwa nani. Sasa geuza hiyo hesabu uone: pale ambapo mpaka leo wanapishana, baada ya miaka yote hiyo ya kuvutana, huenda ndo pale ambapo kila mmoja ameshikilia kitu alichokiona kwa macho yake. Kwa hiyo huo ubishi wa ngazi na wa jina usiutafutie suluhu haraka. Uandike kama ulivyo. Kwangu mimi huo ndo mali kuliko yale yote wanayoitikia pamoja.

Kumbukumbu haifunguki ikacheza kama video kwenye simu. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa chuo kikuu cha Cambridge alionyesha hilo kwenye majaribio aliyoyachapisha 1932: aliwapa watu hadithi ngeni kwao wakaisimulia tena baada ya muda, na kila waliporudia ilizidi kufupika na kufanana na mambo waliyozoea, vile vitu vya ajabu vikaondoka au vikabadilishwa vikawa vya kawaida. Kwenye baa ni vilevile. Ukimuuliza mtu kulikuwa na nini ndani atakwambia kaunta, kioo nyuma ya chupa, viti virefu, redio juu ya rafu. Pengine vilikuwepo kweli, lakini baa karibu zote zinavyo, kwa hiyo inawezekana amevijaza tu bila yeye mwenyewe kujua. Kitu cha kukamata ni kile ambacho hakitegemewi. Nguzo iliyokaa vibaya katikati ikazuia watu kuona upande wa pili, ngazi moja ambayo ilikuwa fupi kuliko zenzake na kila mgeni alijikwaa pale, mlango wa choo uliofunguka kwa nje ukagonga meza ya pembeni. Hakuna mtu anayebuni nguzo iliyokaa vibaya kwa sababu ya mazoea. Mzee akikupa kitu cha namna hiyo, andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyanyooshe.

Alafu jua umri wake wakati ule. Imeonekana kwenye tafiti nyingi kwamba watu wazima wakikumbuka maisha yao, miaka kati ya 10 na 30 hivi ndo inatoa kumbukumbu nyingi zaidi na zilizo wazi zaidi. Mzee wako kama alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu pale kaunta, yuko kwenye sehemu nzuri kabisa. Anaweza asikumbuke alikoweka miwani asubuhi akakutajia kila funguo ya ile baa.

Namna ya kumuuliza sasa. Miaka ya 1980 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ronald Fisher na Edward Geiselman, walitengeneza njia ya kuhoji mashahidi ambayo polisi wa nchi mbalimbali walikuja kuichukua, na sisi wa majengo inatufaa sana. Humuulizi mtu maswali ya ndiyo au hapana. Unamrudisha kwanza mahali pale kichwani. Kwa mzee wako mimi ningeanzia nje, siku ya kazi ya kawaida, anakuja zamu yake, anatokea barabara ipi, mkononi ana nini, nani ana funguo, akifungua mlango kitu cha kwanza kinachomfika ni harufu gani, taa zinawashwa wapi. Unamwacha aongee mpaka anyamaze, na akinyamaza na wewe unanyamaza, usikimbilie kuuliza jingine, manake mara nyingi kitu kizuri kinakuja baada ya ule ukimya. Akimaliza unamwambia sasa tuanzie mwisho turudi nyuma, mteja wa mwisho ametoka, unafanya nini, kabla ya hapo ulifanya nini. Ukirudi kinyumenyume mtu hawezi kuteleza kwenye simulizi aliyoizoea, inabidi afikirie upya, na hapo utasikia vitu ambavyo hata mama yako hajawahi kuvisikia. Mwisho unamuuliza yule mteja aliyekaa karibu na dirisha alikuwa anaona nini kutoka pale alipo. Rekodi kwa simu, na mwanzoni kabisa sema tarehe na nani anaongea, kwa sauti, manake mafaili ya simu majina yake yanapotea.

Picha usimwonyeshe kabla. Hata ukibahatika kupata moja leo jioni, ifiche kwanza. Mtu akishaona picha anaanza kuieleza picha badala ya kueleza anachokumbuka, na ukishachanganya hivyo huwezi kuvitenganisha tena.

Na uulize mambo madogo ya kila siku, nani alikaa wapi na kwa nini. Watu wengi wanaoniandikia wanataka habari kubwa, siku mwanasiasa fulani alipokuja, siku ya ugomvi mkubwa. Hizo utazipata tu, zinajitokeza zenyewe. Zinazopotea ni zile ambazo kila mtu alizijua akaona hazina haja ya kusemwa. Kuanzia 1937 kikundi cha watafiti wa Uingereza kinachoitwa Mass-Observation kilipeleka watu wakae ndani ya baa za mji wa Bolton na kuandika tu wanachokiona. Waliandika kwamba chumba kimoja wanaume walikunywa wamesimama na mwanamke hakanyagi, chumba kingine kizuri zaidi ndo wanawake na wapenzi wao walikaa, na wakaona kwamba watu walio kundi moja bia zao zinashuka kwenye glasi karibu sawasawa, mpaka wanamaliza pamoja, bila mtu kusema chochote. Hakuna leja wala picha ya jengo ingeweza kukuambia hilo. Kwenye baa yenu ulizia vivyo hivyo: meza ipi ilikuwa ya kina nani, mgeni akikaa pale kwa bahati mbaya anafanywa nini, wafanyakazi wa ofisi walikaa upande gani na mafundi upande gani, nani alipewa kwa mkopo na daftari la madeni lilifichwa wapi, ishara ya kufunga ilikuwa kengele au kuzima taa moja. Huko juu ngazi zilikoelekea kulikuwa na nini, vyumba, ofisi, ukumbi? Nashangaa kwamba kwenye maelezo yako yote wamebishana kuhusu ngazi lakini hakuna aliyesema alipanda. Liulize hilo.

Tuje kwenye jina. Baa moja huwa na majina matatu: la kwenye leseni, la kwenye kibao, na la watu. La leseni mara nyingi ni jina la mwenye biashara au kampuni, wateja hawalijui kabisa. La kibao linabadilika mwenye biashara akibadilika. La watu ndo linakaa, linaweza likawa jina la meneja wa zamani au la kitu kilichokuwa jirani. Kwa hiyo mzee na mdogo wake wanaweza wakawa wanataja majina mawili ya kweli. Inaweza pia ikawa ni baa mbili zilizofuatana kwenye jengo moja, au hata majengo mawili yaliyofuatana kwenye kiwanja kimoja. Mfano unaojulikana sana ni Tabard, nyumba ya wasafiri kule Southwark, London, ambayo mshairi Geoffrey Chaucer aliitaja karne ya 14. Iliungua kwenye moto mkubwa wa Southwark 1676, pakajengwa nyingine palepale, ikaja kuitwa Talbot, na karne ya 19 watu walikuwa wanaenda kuiangalia wakiamini ndo ileile ya Chaucer, wakati jengo lenyewe lilijengwa baada ya ule moto. Ilivunjwa 1873. Kona ikiwa ileile na biashara ikiwa ileile, akili ya mtu inaunganisha. Kwa hiyo kila jina litakalotajwa liwekee miaka: ulianza kuliita hivyo lini, kazi gani ulikuwa unafanya, ulikuwa umeoa? Watu hawakumbuki mwaka lakini wanakumbuka kama mtoto wa kwanza alikuwa ameshazaliwa.

Ukishapata hayo mdomoni kwa watu, ndo unaingia kwenye makaratasi, na mpangilio huu una sababu, karatasi iliyokaa miaka 40 kwenye kabati la serikali itakaa na mwaka huu. Karatasi nzuri ni zile ambazo aliyeziandika hakuwa na mpango wa kutunza historia, alikuwa anadai pesa au anaogopa hasara. Pombe karibu kila mahali ni biashara ya leseni, England sheria ya kutaka wauza bia wawe na kibali ilitungwa 1552, na kila leseni inaacha jina, anwani na mwaka. Huko England sheria ya 1904 iliruhusu baa zilizoonekana zimezidi kufungwa na wenyewe kulipwa fidia kutoka mfuko uliochangiwa na wenye baa wengine, na kwa kuwa fidia lazima ipigiwe hesabu ya thamani, kila baa iliyofungwa kwa njia hiyo iliacha makaratasi. Kwako uliza ofisi ya jiji leja za leseni, kodi ya majengo, maombi ya vibali vya ujenzi na ya kuvunja. Plani ya jengo ikipatikana, ngazi zako utaziona zimechorwa, ingawa angalia, plani ni ya kile kilichoombwa, sio lazima ndo kilichojengwa.

Vitabu vya anwani vya zamani na vya simu vinasaidia sana kwa sababu unaweza kufuata kona moja mwaka kwa mwaka, baa, duka la viatu, baa tena. Ila kitabu cha mwaka fulani habari zake zilikusanywa mwaka uliotangulia, kwa hiyo usishangae biashara ikionekana ipo wakati ilishafungwa. Na namba za nyumba zinabadilishwa. Usifuate namba, fuata majirani: kama mara zote iko kati ya duka la dawa na ofisi ya wakili, hiyo ndo yako hata namba iwe nyingine.

Ramani za bima ya moto, kama jiji lako lilichorwa, hizo ndo furaha ya kazi hii, naomba uniruhusu nikae hapa kidogo. Kampuni ya Sanborn ilianzishwa New York 1867 na ikachora miji kama 12,000 ya Marekani, na Charles Goad alifanya kazi ya namna hiyo Kanada na Uingereza, na kampuni yake ikachora mpaka Istanbul, Cairo na Alexandria mwanzoni mwa karne ya 20. Bima ilitaka kujua moto ukianza hapa utafika wapi, kwa hiyo kila nyumba ilichorwa umbo lake, idadi ya ghorofa, milango na madirisha, na rangi ilisema imejengwa kwa nini: za Sanborn pinki ni matofali, njano ni mbao, bluu ni mawe, kijivu ni chuma. Kipimo cha kawaida kilikuwa futi 50 kwa inchi 1, unaona mpaka kibanda cha uani. Na jengo lilipobadilika hawakuchora ramani upya, walileta kipande cha karatasi chenye jengo jipya kikabandikwa juu ya lile la zamani. Kwa hiyo ukiipata karatasi halisi, sio skani, unaweza kuona kingo za vile vipande vilivyobandikwa, vingine vimepandana, na ukiomba mhudumu wa maktaba aiinue kwenye mwanga jengo la chini linaonekana. Jiji zima limekaa hapo kwa tabaka. Kama kwako hakukuwa na ramani za bima, ulizia picha za kutoka angani, nyingi zilipigwa na majeshi na wapima ardhi kuanzia karne ya 20, na hata kama ni ndogo utaona umbo la paa la kona yenu na kivuli chake, na kivuli kinakwambia jengo lilikuwa refu kiasi gani.

Kuhusu picha ya kawaida, nadhani umekosa kwa sababu umetafuta jina la baa. Karibu hakuna mtu aliyepiga picha baa. Walipiga vitu vilivyopita mbele yake. Tafuta maandamano, mafuriko, ajali, ufunguzi wa jengo la ng'ambo, basi jipya, alafu angalia nyuma ya watu. Tafuta majirani: benki, kanisa, msikiti, sinema iliyokuwa karibu. Waulize familia za wafanyakazi wenzake mzee, manake picha za ndani ya baa nyingi ziko kwenye albamu za harusi na za kuagana kazini.

Na nenda kwa waliovunja. Hilo watu hawalifikirii. Paris ilipokuwa inabomolewa ili kupitisha barabara mpya pana za Haussmann, mtawala aliyepewa kazi ya kulipanga jiji upya, ni jiji lenyewe lililomwajiri Charles Marville miaka ya 1860 apige picha mitaa itakayoondoka, akaacha picha kama 425, na leo Paris ya zamani tunaijua kwa kiasi kikubwa kupitia aliyeivunja. Idara za barabara, wakandarasi, wahandisi, benki iliyokopesha pesa za ujenzi, wote wana tabia ya kupiga picha eneo kabla kazi haijaanza. Kwenye picha za Marville mitaa inaonekana haina watu, kwa sababu kamera za wakati ule zilihitaji muda na aliyekuwa anatembea alipotea au akabaki kama moshi. Nakutajia hilo ili usije ukaona picha ya baa yenu siku moja ukadhani ndo umemaliza.

London nako mwaka 1875 waliposikia Oxford Arms, nyumba ya zamani ya wasafiri wa magari ya farasi karibu na kanisa la St Paul's, itavunjwa, watu wachache walioipenda walichanga wakawalipa Alfred na John Bool waipige picha. Kuivunja hawakuweza kuzuia. Lakini waliendelea na majengo mengine mpaka 1886, wakafikisha picha 120, na walichagua njia ya kuchapa kwa kaboni kwa sababu haipauki, kwa hiyo zile varanda za mbao unaziona mpaka leo.

Picha yoyote utakayopata ikague. Negativu au slaidi ikiskaniwa kinyume, kushoto inakuwa kulia, na hapo utarudi kulekule kwa ngazi, kwa hiyo soma maandishi ya vibao kwanza, kama herufi zimegeuka picha nzima imegeuka. Kama kinachoonekana ni kioo cha nyuma ya kaunta, unachokiona ndani yake pia kimegeuka. Hata mchoro mzuri unadanganya. Warsaw zaidi ya asilimia 85 ya mji wa zamani iliharibiwa kwenye vita vya pili vya dunia, wakaujenga upya wakitumia michoro ya vipimo iliyofichwa wakati wa vita na michoro ya rangi ya Bernardo Bellotto ya karne ya 18, na kwa kuwa Bellotto mara nyingine aliremba, baadhi ya marembo yake yamejengwa kwa matofali.

Nenda pia ukasimame pale. Sio kwa huzuni, kwa kukagua. Mipaka ya viwanja inadumu kuliko nyumba, kwa hiyo upana wa lile ghorofa la vioo unaweza kuwa ni viwanja viwili au vitatu vilivyounganishwa, na ramani ya ardhi itakuonyesha chenu kilikuwa kipi. Kama jengo la jirani ni la zamani, angalia ukuta wake wa pembeni. Jengo likivunjwa mara nyingi linaacha alama kwenye ukuta waliokuwa wanagusana: mstari wa paa, matundu ya mihimili ya sakafu, rangi ya chumba, na zikiwepo ngazi unaona mstari wa mshazari wenye meno unaopanda, plasta imekaa kama zilivyokuwa. Zunguka mpaka uani, pale ambapo hawajapaka rangi. Mfuniko wa chuma kwenye njia ya miguu unaweza ukawa mlango wa zamani wa stoo ya chini ambako mapipa yaliteremshwa. Na kifusi nacho kina kwake. Lile lango kubwa la mawe la stesheni ya Euston, London, la 1837, lilivunjwa 1961 na 1962, na mwaka 1994 mawe yake mengi yakakutwa ndani ya mfereji mashariki mwa jiji, yalitumika kuziba shimo. Ulizia kaunta ilienda wapi, viti, kioo, kibao. Vitu vya baa huwa vinauzwa kabla ya kuvunja na vinaishia baa nyingine.

Usidhani haya ni mambo ya kujifurahisha tu. Carlton Tavern, baa ya London iliyojengwa miaka ya 1920 na 1921, ilivunjwa Aprili 2015 bila kibali, siku chache tu kabla ya uamuzi wa kuiwekea ulinzi. Wakazi walikuwa wameshahisi, wakaomba wataalamu waje mapema, vigae vikachukuliwa nakala ya umbo lake na kila kitu kikaandikwa. Kwa kumbukumbu hizo mmiliki akaamriwa aijenge upya kama ilivyokuwa, na ikafunguliwa tena Aprili 2021. Kwenu imeshapita, lakini hapo mjini kuna majengo mengine ya umri uleule bado yamesimama, na kazi utakayofanya na mzee itakufundisha namna ya kuyaandika yakiwa bado yapo.

Ukianza kuandika sasa, usichanganye sauti zote ikawa hadithi moja laini. Andika mzee anasema hivi, alikuwa na miaka fulani, alikuwa kaunta. Baba mdogo anasema hivi, alikuwa mteja, alianza kwenda mwaka fulani. Leseni inasema hivi. Penye kupishana pabaki na kupishana kwake, atakuja mtu na picha baada ya miaka mitano aamue. Majina ya watu waliodaiwa, waliogombana, waliokuja na wasio wake zao, yaondoe, watoto wao wapo na wanasoma. Sauti zihifadhi sehemu zaidi ya moja, na michoro ile ya kalamu iandike nyuma jina na tarehe kwa penseli, sio kwa kalamu ya wino inayovuja. Nakala moja ipeleke maktaba au ofisi ya nyaraka ya jiji, wengi wao wanapokea na hawaulizi wewe ni nani.

Wiki hii fanya mbili tu: karatasi kubwa kwa mzee, na karatasi kubwa kwa baba mdogo siku nyingine. Ukishakuwa nazo zote mbili zilaze pamoja, milango ikae mahali pamoja, uangalie ngazi zimeangukia wapi, alafu uniandikie.